Kaka Spoku, Fundi Baiskeli Aliyempisha Mkwe Kitanda

Homa ya papasi ilikuua, Kaka, na leo umetimia mwaka.

Jina lako la nyumbani tunalijua sisi. Kambi nzima ilikuita Spoku, kwa wembamba wako na kwa kazi yako. Hukumfukuza mtu. Aliyekuja na tairi lililooza ulimzibia, huku ukimtania: "Shemeji, hili si tairi, hili ni chujio." Ulicheka mpaka gundi ikakukaukia mkononi.

Mama mkwe wako alipotufikia, naye amekimbia vita kama sisi, miguu ilikuwa imemvimba. Kitanda kilikuwa kimoja. Ukamtandikia. "Mkwe alale chini, mimi niko juu? Nitaitwa mtu kweli?" Ukahamia kwenye mkeka, kando ya ukuta wenye nyufa. Kila asubuhi ulijikuna, ukawatukana papasi, ukaenda kazini.

Homa ilipokushika nilikupeleka zahanati. Muuguzi akakuuliza kama umeumwa na kupe. Ukamcheka. "Dada, kupe ni wa ng'ombe. Ng'ombe tuliwaacha kwetu, na kupe wao." Foleni yote ikacheka, na mimi nikacheka. Papasi hakuna aliyemtaja. Kwetu papasi ni karaha tu ya sakafuni, nani angempeleka kwa daktari? Ukapewa dawa za malaria.

Homa ikaondoka, ukarudi kwenye baiskeli zako, tukasema umepona. Ikarudi. Ikaondoka tena. Iliporudi mara ya tatu hukuinuka.

Baada ya mazishi muuguzi alikuja nyumbani, akachokoa ufa pale ulipokuwa ukilaza kichwa. Papasi wakatoka wamejaa vumbi. "Hawa nao ni kupe, ndio niliokuwa nawaulizia," akasema, akakaa palepale chini akalia. Hatumlaumu. Yeye alisema kupe, sisi tulisikia ng'ombe.

Sakafu na kuta tumezisiliba upya. Jirani akishikwa na homa, mkeo anamsindikiza mpaka mlangoni kwa muuguzi akimwambia, "Sema papasi. Usione haya, sema."

Tunaokukumbuka ni mkeo, wanao wanne, mama mkwe wako na mimi mdogo wako. Hututoki moyoni, na hutatutoka.

Mkeo hana mume. Watoto hawana baba. Mkwe amezika mwana ambaye hakumzaa. Mimi kaka nilikuwa naye mmoja tu.