Daraja la Chokaa

Jumatatu, 6 Machi 1995
Mchoro tena ofisini. Jogoo Road imekata mitaa yetu vipande viwili. Injinia amenipa kazi: tafuta njia ya kuwavusha watu. Nimechora daraja la miguu. Jembamba, limepanda juu safi. Nimejipongeza mwenyewe.

Jumatano, 8 Machi
Mke wangu ameuona mchoro, akaimba. Mama yake anaishi ng'ambo, Buruburu. Kanisa liko huku kwetu Hamza. Tangu magari yazidi anaogopa kuvuka, na Nekesa wetu hamjui bibi yake vizuri. Daraja likijengwa atakuja kila Jumapili. Lazima lipite.

Jumamosi, 11 Machi
Aibu tupu. Tulilichora kwa chokaa uwanjani mwa kanisa, upana wake kamili, ili wakazi walijaribu. Nikaingia kwa mbwembwe. Kuinua macho, mama mkwe huyo anakuja na kikapu; kumbe mke wangu alimvusha kwa mkono aje ajaribu. Kwetu Waluhya hatupitani bega kwa bega na mama mkwe. Nikaganda. Naye akaganda, akafunika uso kwa leso. Nyuma yangu watu, nyuma yake watu. Mwishowe akaruka mstari.

Mzee wa kwaya akasema, "Hapo mama ameanguka barabarani." Uwanja mzima ukacheka, hata mimi. Mama mkwe ametuma neno: daraja hilo hapandi. Mke wangu: "Baba Nekesa, umechoma picha, umetuaibisha." Chai imekuja bila sukari.

Jumatatu, 13 Machi
Injinia ni mtu wa Pwani, mwiko huo haujui. Nilipomweleza alicheka hadi akavua miwani. Kisha: lete mchoro mwingine Ijumaa, la sivyo tunajenga huo huo. Itakuwaje nimfungie mama wa watu njia kwa kalamu yangu?

Alhamisi, 16 Machi
Nimepata! Kwa nini tuwapandishe watu? Tupunguze mwendo wa magari. Matuta, taa, kivuko kipana chini, kisiwa cha kusimamia katikati. Nafasi ya kumpisha mkwe kwa heshima zake.

Ijumaa, 17 Machi
Mchoro umepita. Injinia alitaka sababu ya upana. Nimeandika "msongamano". Sukari imerudi.

Jumapili, 3 Septemba
Kivuko kimefunguliwa juzi. Leo mama mkwe amevuka, mimi nikapita ukingo ule mwingine, macho chini. Baada ya ibada alimpakata Nekesa, akanipa mgongo. Hajawahi kusema nami. Akamwambia mtoto, kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie baba yako nimefika vizuri."

Nekesa hajui kusema bado. Nimesikia.