Siku Tatu Bila Mvua

Jumamosi, 2 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wateja wawili wa kusuka tu, halafu mchana akaja Madam Pudensiana, yule mwalimu wa sekondari aliyehamia kutoka Sumbawanga. Hatimaye kakubali keratini, dawa ya kunyoosha! Nimembembeleza tangu Krismasi. Nywele zake ndefu, nzito, raha hata kuzishika. Anazitaka zilale kwa ajili ya Pasaka, mchumba wake Rodrick anampeleka kwao kumtambulisha.

Baridi ilizidi, nikafunga mlango na dirisha, nikasogeza jiko. Pasi ilipogusa nywele tu, moshi ukatujaa. Macho! Tulitoa machozi wote wawili kama tuko msibani, tukacheka. Kikohozi changu kimerudi. Lakini zile nywele — zimelala! Kajitazama kwenye kioo mpaka nikamfukuza.

Nikamwambia kama ninavyowaambia wote: siku tatu zisiguse maji.

Siku tatu. Tukuyu. Mwezi wa tatu. Haya.

Jumatatu, 11 Machi

Puden kaja na kilemba. Kafunga mlango kwanza, ndipo akakifungua. Juu ya sikio la kushoto ni ngozi tupu, mduara wa kifuniko cha soda. Nikapitisha chanuo, likarudi na fungu zima la nywele.

Nilishtuka. Ila mdomo wangu huu uliwahi kuliko akili: "Madam, si ulinyeshewa wewe?"

Akawaza. Akasema kweli, siku ya pili yake, akitoka misa, upepo uligeuza mwavuli.

"Basi ndiyo hiyo," nikasema.

Ni wa nne kumwambia hivyo. Happy wa Msasani, mtaa wa hapa hapa Tukuyu, hakubisha hata kidogo. Nani hapa atabisha, na mvua hii ya kila siku?

Akaniomba msamaha. Yeye! Mimi!

Jumatano, 13 Machi

Puden kaniletea maparachichi sita. Eti radhi, kwa kutofuata masharti.

Nimeshindwa kuyala. Yapo hapo dirishani, yanaiva.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejipaka dawa mwenyewe, kutoka ndoo ile ile niliyompakia Puden. Saluni nimefunga, nimesema naumwa. Sitoki siku tatu. Tutajua.

Jumanne, 19 Machi

Sikutoka. Hata kwenda choo cha uani nilivaa mfuko wa nailoni kichwani, Lukasi mwanangu akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Tone moja halikunigusa.

Leo nimeamka, mto umejaa nywele. Kisogoni panawasha, magamba yanatoka.

Kwa hiyo si mvua. Haya Atuganile, ulitaka kujua, umejua.

Nimempigia Jackson anayeniletea ndoo za dawa kutoka Mbeya. Nikamuuliza ndani kuna nini, maana haina hata herufi moja juu yake. Akasema: dada Atu, inanyoosha hainyooshi? Nikasema inanyoosha. Sasa shida yako nini? Kakata simu.

Ijumaa, 22 Machi

Tumemzika baba mdogo Ambindwile. Mwili ulisubiri watoto wake kutoka Dar siku sita, ukachomwa dawa usiharibike. Tukapanga foleni kuaga. Zamu yangu ikafika, nikainama —

Ile harufu! Kali, inachoma pua, machozi hapo hapo. Ni ya saluni kwangu. Ni ya Jumamosi ile na dirisha limefungwa.

Bibi mmoja akanishika mkono, "Ndaga mwanangu, ndaga," akinipa pole, akidhani namlilia marehemu. Nikaenda kutapika nyuma ya migomba.

Sina cheti cha kupima dawa. Lakini pua ninayo. Nimewapaka watu dawa ya maiti, nikawapigia pasi juu yake, halafu nikawaambia ni mvua. Mungu wangu.

Jumapili, 24 Machi

Nimekwenda kwa Puden kumwambia ukweli. Njia nzima nayapanga maneno. Kafungua mlango hana kilemba. Mwe! Kuanzia sikio mpaka karibu na utosi, hakuna kitu. Anasema wanafunzi wanamwita Nusu Kiwanja. Akacheka, kisha akashindwa kuendelea kucheka. Rodrick yuko kazini Iringa, hajui lolote.

Nikasema nimepita kusalimia tu. Nikanywa chai yake, vikombe viwili.

Mwoga mimi! Nikimwambia yeye, kesho Happy anajua, keshokutwa Tukuyu nzima. Na saluni ndiyo inayotulisha mimi na Lukasi tangu baba yake aondoke. Ndivyo nilivyojitetea njia nzima ya kurudi. Mvua ikaninyeshea, sikufungua mwavuli.

Jumatano, 27 Machi

Saa tano asubuhi. Naandika hapa hapa saluni. Puden yuko kwenye kiti, taulo mabegani.

Kaja bila kuniambia. Anataka nizilaze zilizobaki, zifunike upande ule, Rodrick anakuja na gari Jumamosi. Safari hii kajipanga, anasema: kofia ya plastiki, mwavuli mkubwa wa kiume, na kaomba ruhusa shuleni. Siku tatu hatoki ndani. Kanionyesha vyote kimoja kimoja, kwa fahari.

Nikasema dawa imeisha. Kaiona ndoo chini ya meza.

Ndipo umeme ukakatika. Asante Mungu! Nikasema tusubiri, pasi haiwezi kuwaka. Nikafungua dirisha, nikachukua daftari hili. Kaniuliza naandika nini. Barua, nikasema. Ya nani? Ya mtu niliyemkosea. Akasema: iandike tu dada, utapata amani.

Namwambia sasa. Nikimaliza mstari huu namwambia.

Nikimaliza huu.

Redio ya jirani imelia. Taa nyekundu ya pasi imewaka.

Puden kanyanyuka mwenyewe kufunga dirisha. Anasema, mvua isije ikamharibia tena.