Mpunga Haukukutii, Dokta

Dokta,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza maongezi na wewe kwa namna nyingine.

Ofisi yako amepewa mtaalamu wa udongo. Ubao wako niliufuta mwenyewe, baada ya kuupiga picha. Zile "na", "au" na "si" za kanuni zako zilikuwa zimekaukia pale. Ilibidi nitumie spiriti.

Mwaka mzima tulizitazama jeni za mpunga kama taa: kila moja imewaka au imezimwa, na kila moja ina kanuni yake. Waka, kama hii imewaka na ile imezimwa. Kwa kanuni hizo ulitaka kujibu swali la kila mkulima wa kijiji cha Mbingu: maji yakiufunika mche, utafanya nini? Ukathibitisha kwamba njia ni mbili tu. Utalala usubiri maji yapungue, au utarefuka haraka utoe majani juu.

Nikakwambia ipo ya tatu. Wewe, kwenye hesabu zako, ulizibadilisha jeni zote kwa pamoja, kama askari kwenye gwaride. Zikibadilika moja moja, nilisema, kuna mche utakaoanza kurefuka, uache, uanze tena, mpaka uishiwe nguvu. Ulivua miwani. "Editha, mpunga hauna kigeugeu. Watu ndio wana kigeugeu." Kikao kizima kilicheka. Nikatoka.

Siku tisa tulisalimiana tu na kupitana. Siku ya kumi moyo wako ulisimama ukiwa kwenye majaruba ya Mbingu. Asubuhi ile ulikuwa umenipigia simu. Niliiona ikiita, nikaiacha. Ulitaka kusema nini, sijui, na sitajua.

Makala yetu, yenye njia zako mbili tu, ilikuwa imeshakubaliwa na jarida. Ningenyamaza, hakuna ambaye angeuliza. Nilikwenda mtaa wa Viwanja Sitini kwa mke wako. Mama Salome alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta nilipokuwa naeleza. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo alikosea?"

"Ndiyo, Mama. Mahali pamoja."

"Na mkulima akiifuata hiyo karatasi yenu?"

"Anaweza kupanda mbegu isiyofaa bondeni. Mafuriko yakija, amekosa mavuno."

Akaweka ungo chini. "Sasa mwanangu, unaniuliza nini?"

Niliiondoa makala kesho yake. Kisha nikaotesha miche ya zile mbegu ulizokusanya Mbingu na Sanje, nikaizamisha kwenye mapipa nyuma ya maabara. Kila asubuhi nilipima kwa rula. Mbegu ya Sanje ililala, kama ulivyosema. Moja ya Mbingu ilirefuka mpaka ikatokeza, kama ulivyosema. Ile nyingine ya Mbingu ilipanda kidogo, ikasimama, ikapanda tena, ikasimama. Mwishoni ikawa njano, ikaoza.

Wenzetu walinipongeza. Nilijaza daftari, nikanawa mikono, nikaenda kula. Nilikula vizuri tu. Jioni ndipo nikagundua kwamba kwa wiki nzima nilikuwa napanga majibu ya pingamizi zako, moja baada ya jingine, na kwamba hakuna mtu atakayezitoa. Dokta, nilitaka kukushinda ukiwepo.

Makala mpya imetoka. Jina lako ndilo la kwanza, kwa sababu kanuni karibu zote ni zako. Kosa nimelieleza kwa aya moja, sikulipamba wala kulificha. Mama Salome aliomba nimsomee aya hiyo kwa Kiswahili. Akasema, "Basi. Ni yeye huyo." Akanikatia ndizi.

Bwana shamba ameshaanza kuwaambia watu wa Mbingu waipande mbegu ile yenye kigeugeu juu, wasiishushe bondeni. Mama mmoja mwenye ekari mbili aliniuliza nani aliyeligundua jambo hili. Nikamjibu ni sisi wawili. Si kweli yote, wala si uongo.

Sasa nakuaga. Mungu akupe pumziko, na uendelee kubishana huko kama wanaruhusu. Mimi nakuahidi jambo moja: kila nitakachokithibitisha, nitakipeleka kwanza kwa mtu asiyekubaliana nami, na nitakaa nimsikilize mpaka amalize.

Wako,
Editha