Vénant, Uliyeacha Tundu la Hewa Wazi

Tundu la hewa lililo juu ya dirisha halizibwi. Sharti hilo kila mtu wa jumuiya yetu alilijua, kwa kuwa wewe ulilitamka katika kila nyumba uliyoingia. Na mwaka mmoja umetimia, ndugu yetu mpendwa, tangu ulipofia katika nyumba ambamo halikufuatwa.

Siku za kazi uliwafungia matajiri madirisha mapya. Jumamosi ulikwenda kwa wale wasiofungiwa kitu na yeyote: wastaafu wa mtaa wa Rågsved waliolala na makoti, akina mama wa mtaa wa Hjulsta waliozima umeme wa kupasha nyumba joto ili watoto wapate chakula. Ulipitisha unyoya wa kuku kwenye kingo za dirisha, na pale upepo ulipoutikisa ukabandika ukanda wa mpira. Chini ya mlango ukapigilia brashi ya kuzuia upepo. Hukupokea malipo. Chai uliikubali baada ya kazi tu, kwa kuwa ulipenda kuinywa bila koti, upate kujua kama umefanikiwa.

Ulikuwa mpole, nasi hatuoni sababu ya kuficha kwamba upole wako ulipita kiasi. Mkeo Milcah alikula peke yake Jumamosi nyingi mno. Na wengi wa wale uliowapatia joto hawakufika mazikoni. Walituma ujumbe kwamba siku hiyo baridi ilikuwa kali.

Nyumba ya mtaa wa Tumba, ile ya mbao yenye jiko la kuni, aliipanga Gédéon, mtoto wa dada yetu Tereza. Uliiziba vizuri kuliko zote, ukabakiza tundu lile.

“Mjomba, umefunga nyumba nzima, halafu baridi umeiachia mlango wake,” alikucheka.

“Nyumba nayo inavuta pumzi, mpwa wangu. Jiko hili linahitaji hewa. Ukiibana nyumba pua, mtakufa pamoja.”

“Mjomba wangu amekuwa daktari wa nyumba.”

Ulicheka pamoja naye. Afadhali ungemzaba kofi.

Mwezi wa Januari Gédéon alipanda juu ya kiti, akashindilia soksi ya sufu ndani ya tundu, akalifunika kwa pazia zito. Kisha akaenda harusini mjini Göteborg, akakuomba ulale pale na kuwasha jiko, maji yasigande mabombani. Ulitoka kazini umechoka, ukawasha moto, ukalala. Jiko lilipokosa hewa, gesi yake ya sumu, isiyo na harufu, ikarudi chumbani. Wewe uliyekagua nyumba za watu wote hukukagua ile, kwa kuwa ulikwisha kuikagua na uliamini kwamba umesikilizwa.

Tulipoanza kuandaa tangazo hili la kumbukumbu, Tereza alikuja kwetu.

“Kaka, Gédéon naye ni wa familia. Mwandike kati ya wafiwa, hata mwisho.”

“Ataandikwa akishalipa.”

“Alipe nini tena? Polisi wamesema ni ajali.”

“Polisi hawakufiwa na mdogo wao.”

Tereza alilia. Hatukubadili neno.

Adhabu ya Gédéon ilikuwa hii: aende katika kila nyumba uliyoiziba, apande akague tundu la hewa, kisha ashuke na kusema mbele ya wenyeji kwamba ni yeye aliyeziba la Tumba. Alikwenda. Wengine walimfungia mlango alipokuwa bado anasema. Hamid, mstaafu mmoja wa Rågsved uliyemzibia hata dirisha la choo, aliwaita majirani zake.

“Rudia, kijana,” alimwambia. “Hawa walikuwa hawajafika.”

Akarudia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yako mwenyewe. Milcah alimwacha apande, akague, ashuke, aseme yote.

“Uliziba kwa kitu gani?” akamwuliza.

“Kwa soksi, mama.”

“Ipi?”

“Ya kijivu.”

“Zile nilizokufumia mimi Krismasi.”

“Ndiyo, mama.”

“Ya pili ipo?”

“Ipo.”

“Kailete.”

Aliileta kesho yake, imefuliwa na kukunjwa. Milcah hakumkaribisha ndani wala hakumpa mkono. Aliipokea mlangoni, akaifumua mbele yake uzi kwa uzi mpaka ikawa donge la sufu, na Gédéon akasimama kwenye theluji hadi mwisho. Kisha Milcah akatuambia, “Sasa mwandikeni.”

Vénant, hutatoka mioyoni mwetu siku zote tutakazoishi. Tunaokukumbuka ni mkeo Milcah. Wanao Michelle na Owen. Dada yako Tereza. Na mimi kaka yako mkubwa, Augustino, niliyeandika kwa niaba ya wote.

Na mwisho wa wote, mpwa wako Gédéon. Amelipa.