Kamera Iliandika "Hakuna Lenzi"

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kusema kweli wewe ndiye ungepaswa kuniomba picha, maana unaandikiwa na mpiga picha hodari kuliko wote mtaani kwetu na mitaa ya jirani, mimi nikikupiga hata kipara chako kinaota nywele. Shule tuliachana mapema kwa makubaliano, lakini jicho ninalo, ndiyo maana naitwa Jicho la Mwewe (jina nilijipa mwenyewe, watu wakalizoea).

Sasa sikiliza. Mjomba wangu, aliyeanza kazi ya studio enzi za filamu, alinipa lenzi zake za zamani, nzito kama matofali ila safi ajabu, nami nikanunua kamera mpya ya kampuni nyingine kabisa, hizi za siku hizi zisizo na kioo ndani, pamoja na adapta, ile pete ya chuma inayokaa katikati ili lenzi ya huyu iingie kwenye kamera ya yule. Mjomba akaigeuza pete mkononi akasema, "Mpwa wangu, hii haina nyaya. Kamera haitajua kama imevaa lenzi. Ijaribu kwanza hapa nyumbani." Nikamjibu, "Mjomba, pumzika, kamera hizi zina akili kuliko mimi na wewe." Akacheka. "Kuliko wewe, sibishi."

Ikafika siku ya dada yangu kula kiapo cha uuguzi, wa kwanza kwenye ukoo wetu, na ukumbini simu zilikatazwa, kila familia mpiga picha mmoja, na wetu nani kama si mimi? Nikaingia na fulana yenye mifuko kila mahali, nawasogeza watu, "Samahani shangazi, kichwa chako kinaniharibia kazi," dada akapanda jukwaani na mshumaa wake, mama analia, nami nikabonyeza. Kimya. "Mbona hailii?" shangazi akauliza. Nikamwambia, "Kamera za kisasa zina adabu, shangazi, hazipigi kelele." Nikaendelea kubonyeza mpaka mwisho, mara nimepiga goti, mara nimepanda kiti.

Kadi ni tupu, mshauri. Hamna hata moja. Dada ananiuliza kila akienda zamu, nami namwambia picha bado zinasafishwa. Nilitaka kuilaumu pete, nikataka kuzilaumu lenzi za mjomba, lakini ukweli ni kwamba kamera iliniandikia pale pale ukumbini, nilipobonyeza mara ya kwanza, "Hakuna lenzi," nikayasoma maneno hayo vizuri, na mjomba alikuwa ameketi nyuma yangu, nikaona heri nijifanye napiga kuliko kugeuka nimuulize.

MSHAURI ANAJIBU

Hongera, Jicho la Mwewe. Wengi huharibu picha. Wewe umefaulu kutozipiga kabisa, tena kwa madaha.

Mjomba alikuambia kweli. Pete isiyo na nyaya haipeleki habari, kwa hiyo kamera inadhani mdomo wake uko wazi na inagoma. Ingia kwenye mipangilio, tafuta panaporuhusu kupiga bila lenzi, washa. Ni kazi ndogo kuliko kubishana na kichwa cha shangazi. Tena lenzi hizo hazitajitafutia ukali zenyewe: zungusha kwa mkono, kuza picha kwenye skrini, ukiona kope za mtu ndipo ubonyeze.

Hayo ni ya kamera. Kuhusu dada yako, sikuhurumii wewe, namhurumia yeye anayekwenda kazini akiamini picha ipo. Usiseme kadi iliharibika. Usimsingizie mjomba. Leo akirudi zamu, mwache avue viatu, aketi, kisha umwambie: "Sikupiga hata moja, na nilijua." Atakununia, na ana haki.

Kesho zunguka kwa familia za wenzake walioapa naye, uombe kila picha aliyotokea, hata pembeni, hata nusu bega. Na kila mlango ukifunguliwa, eleza kwa mdomo wako mwenyewe kwa nini mpiga picha wa familia anaomba picha.