Leo Tumeacha Kuipa Kariakoo Kisogo

Jumapili, jioni. Mawingu hayajaondoka tangu asubuhi na goti la kushoto linaniuma. Lakini moyo umetulia, jambo ambalo asubuhi nisingelitarajia.

Tulifika kwenye kibaraza chetu, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, tukakuta kioo kimefunikwa na geti jipya la chuma, bado linanuka rangi. Kikundi chetu cha kucheza hip hop, ninachokifundisha, hakina ukumbi. Tunacho kibaraza cha duka la mashuka la Mama Shirima, ambalo Jumapili hufungwa, na kioo chake kikubwa ndicho tulichokuwa tukijitazamia tunapofanya mazoezi. Mama mwenyewe alipita akitoka misa ya kwanza. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Usinune. Wezi wamenichosha, siyo nyinyi."

Sikununa, nilichanganyikiwa. Jumamosi tunacheza Magomeni mbele ya wazazi na majirani, na Rehema ndiye anayefungua onyesho, peke yake.

Nikawaambia wageuke, wacheze wakitazama barabara. Muziki ukaanza. Rehema akaganda.

"Dada, siwezi. Wananiangalia. Mpe Asha nafasi yangu."

Waliokuwa wakimwangalia hata kumi hawafiki. Mmoja wao ni mzee muuza kahawa, ambaye kila Jumapili hukaa ng'ambo ya barabara. Akacheka mpaka vikombe vikagongana. "Kumbe mna sura! Mimi siku zote nawajua kwa visogo tu."

Iliniuma kwa sababu ni kweli.

Miezi yote hii tumecheza katikati ya Kariakoo huku tumewapa watu mgongo. Rehema ndiye mchezaji wangu bora, na kumbe hajawahi kumchezea mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe kwenye kioo.

Hasira zangu ziko karibu, mnaonisoma humu mnajua. Nilishafungua mdomo nimfokee. Kisha nikakumbuka kwamba binti huyu siku za kazi anauza soksi barabarani, na mteja akimpita bila kununua anamfuata kwa macho mpaka mwenyewe anarudi. Huyo ndiye anayeogopa kuangaliwa?

"Uza soksi," nikamwambia.

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Nikakunja mikono, nikasubiri.

"Soksi buku," akaanza, sauti ndogo. "Soksi buku, soksi buku! Elfu moja tu! Njoo mama, gusa mwenyewe!" Mkono ukatoka, bega likafuata, na miguu ikashika mdundo wa maneno yake. Nikaashiria spika iwashwe tena. Alikuwa anamvuta mtu kwa macho, anamwachia, anahamia kwa mwingine. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki kutoka soko la Feri akasimama, akauliza za watoto ziko wapi.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Rehema hakucheka, alikuwa bado anacheza.

Nafasi yake hapewi mtu. Nimemwambia hivyo mbele ya wenzake, na Asha ndiye aliyepiga makofi ya kwanza.

Sasa niko nyumbani na barafu gotini, na kuna jambo linanisumbua. Mimi pia nilikuwa nafundisha nikitazama kioo. Kwenye kila onyesho humtuma mtu mwingine ashike maiki atutambulishe, nasingizia koo. Koo langu ni zima kabisa. Kisha nakuja kulalamika humu kwamba mtaani wanatuita wahuni kwa sababu hawatujui. Watatujuaje?

Wakati tunaagana Rehema aliniuliza, kwa upole tu, wala hakuwa ananichokoza: "Na wewe dada, Jumamosi utasimama wapi?"

Nilijifanya natafuta funguo.

Mbele, Rehema. Nitasimama mbele. Maiki naishika mwenyewe, nitataja majina yenu mmoja mmoja huku nawatazama wazazi wenu machoni. Sauti ikigoma, nitaanza na soksi.