Sakafu ya Baa ya Taji

Skipton, 9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Na Shangazi Doreen, bado anakulisha samaki asubuhi na jioni? Huku hatujambo, ila Edie anaota jino na mimi nalala kwa vipande vipande. Craig yuko safarini na lori hadi Ijumaa.

Nimeandika kwa sababu simu ya Shangazi iko sebuleni na yeye husikiliza kila neno, na jambo hili ni letu wawili. Paa limeoza. Maji yanaingia chumba cha mikutano, na fundi amesema halitavuka majira mengine ya baridi. Benki itatukopesha kwa sharti moja: ghorofa ya juu igawanywe iwe nyumba mbili. Ya mbele tupangishe, ya nyuma tuishi sisi, nawe uwe na chumba kipya chenye joto. Chini, Taji ibaki baa kama ilivyo. Jengo ni lako, Baba. Usipokubali, tutafunga milango, na sioni njia nyingine.

Edie anakubusu. Mate mengi.

Mwanao,
Leanne

Filey, 15 Februari

Leanne mwanangu,

Marahaba. Nyonga inalia kama bawaba, lakini natembea mpaka ufukweni na kurudi. Samaki usiniulize.

Paa sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni sakafu. Mwenye baa mmoja wa hapa aligeuza ghorofa yake namna hiyo hiyo, na serikali ya mji ikamlazimisha kung'oa mbao zote na kushindilia pamba nene chini yake ili wapangaji wasisikie kelele. Sasa yeye mwenyewe anaishi juu ya baa yake kama mtu aliyezikwa.

Mimi nimelala juu ya kelele zile tangu nilipomwoa mama yako. Nikiwa kitandani nasikia bomba likikohoa, najua pipa limekwisha. Nasikia Barraclough akiiba kwenye domino. Hapa kwa shangazi yako kuna saa ya ukutani tu. Sipati usingizi. Unataka nirudi nyumbani nikakute kimya hiki hiki?

Tafuta njia nyingine.

Baba yako

Skipton, 20 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Jino limetoka. Limekuja lingine.

Sikufichi. Pamba ile serikali ya mji inaitaka, na mimi pia naitaka. Tangu uniachie kaunta, mpaka ulipokwenda huko kuuguza nyonga, kila nikimimina bia kiatu chako kilikuwa kinagonga dari. Mara moja, povu limezidi. Mara mbili, kabadili pipa. Bwana Barraclough anatazama juu, anasema, "Mungu hajaridhika, Leanne, mimina upya." Baa nzima inacheka. Nami nacheka, kisha naenda stoo kulia kidogo, nafuta uso, narudi.

Nakupenda, Baba, na kazi hii umenifundisha wewe. Lakini baa haiwezi kuwa na mwenyewe mmoja kwenye kaunta na mwingine juu ya dari. Nina mtoto kiunoni na miguu miwili tu. Naomba sahihi yako.

Mwanao,
Leanne

Filey, 2 Aprili

Leanne,

Sahihi hiyo hapo, nimeitia kila walipoweka alama. Tengenezeni paa.

Mimi nitabaki kwa shangazi yako. Chumba changu kipya kipangishe pia.

Mbusu mtoto.

Baba yako

Skipton, 6 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua zangu mbili hukujibu, na Shangazi anasema unakula nusu sahani. Natumaini hii utaisoma mpaka mwisho.

Bi Aspinall, afisa wa majengo ya kale, alikuja kukagua. Alisimama chini katika baa, kwenye chumba wanachokaa wazee, akakodolea macho ile dari ya plasta yenye nakshi za mizabibu, nikadhani shingo itakatika. Kisha akapanda chumba chako cha zamani, hapo juu yake. Amesema dari isiguswe, na mbao za sakafu hiyo zisiinuliwe hata moja, maana dari itapasuka. Kwa hiyo pamba haitaingia. Na chumba kisichozibwa kelele haturuhusiwi kumpangisha mtu. Lazima kibaki cha baa.

Fundi akasema, "Basi kiwe stoo ya viti." Nikamwambia, "Kina mwenyewe hicho."

Ningeweza kunyamaza, Baba, usingejua kamwe. Ningepata stoo, ningepata na amani. Lakini amani yenyewe siifurahii nikikufikiria huko na saa ya ukutani. Kitanda chako kipo palepale. Craig ameweka reli za kushikilia ngazini, pande zote mbili.

Sharti langu ni hili: utasikia kila kitu, na hutasema neno kuhusu bia. Hutagonga. Ukikubali, niambie siku, nikufuate.

Mwanao,
Leanne

Filey, 9 Juni

Leanne mwanangu,

Jumamosi. Njoo mapema, kabla ya samaki.

Baba yako

Chumbani kwangu, Jumanne

Leanne mwanangu,

Nina wiki tatu humu. Umenisikia? Hujanisikia. Bia ya bomba la pili ina povu kama sabuni, na sisemi.

Ila hili si la bia. Tangu saa kumi nasikiliza miguu yako. Unaiburuta. Umekwenda kwenye mapipa mara mbili, ukasimama, ukarudi bila kubadili kitu. Mtu akikuita unaitika akishaondoka.

Katika maisha yangu sijamwambia mtu afunge baa hii kabla ya wakati, hata mwaka ule theluji ilipofika madirishani. Leo nakuambia wewe. Gonga kengele ya kufunga, watoe. Wote wana makwao.

Naandika kwa mkono mmoja, maana Edie amelala juu ya ule mwingine, na Craig atakuletea karatasi hii. Glasi ataosha yeye. Wewe usiguse kitu. Panda ulale, mwanangu.

Baba yako